Aniceti Kitereza: Mkerewe aliyeandika hesabu ya mtungi wa ndizi

MWANZONI mwa mwaka 1945, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikielekea ukingoni, mkazi mmoja wa Ukerewe alimaliza kuandika kitabu kirefu kwa lugha ya Kikerewe. Pamoja na mambo mengine mengi, kitabu hicho kinaeleza kwa kina namna pombe ya ndizi inavyopatikana, kuanzia mkungu shambani hadi mtungi unapotuliwa mlangoni kwa mkwe. Mwandishi wake, Aniceti Kitereza, alikuwa na umri wa miaka 49. Kitabu kilisubiri miaka 35 kabla ya kuchapishwa, naye alifariki dunia mwaka 1981 kabla ya kukishika mkononi.

Jina la Kitereza linafahamika zaidi kwa walimu wa fasihi kuliko kwa wakulima na wafanyabiashara. Hata hivyo, ukiachilia mbali uzuri wa hadithi yake, kazi aliyoifanya ina manufaa makubwa kwa mtu anayefuatilia uchumi wa Kanda ya Ziwa. Ndani yake mna maelezo ya kilimo, ufugaji, uvuvi, mgawanyo wa kazi nyumbani, madeni na faini, kama mambo hayo yalivyoendeshwa kabla ya fedha ya mkoloni kuingia kisiwani. Zaidi ya hapo, maisha yake mwenyewe ni somo kuhusu gharama ya kuhifadhi maarifa ambayo soko halijawa tayari kuyalipia.

Kisiwa na ukoo

Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, na hakuna kingine kinachokizidi katika maziwa ya Afrika. Msafiri anayetoka Mwanza kwa meli hushukia Nansio, makao makuu ya wilaya. Anayepitia Bunda huvuka kwa kivuko kutoka Kisorya hadi Rugezi.

Mapokeo ya Wakerewe yanasema kwamba ukoo wa watawala wao, Basilanga, ulitoka Ihangiro, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, ukiongozwa na Katobaha. Wageni hao walikuta watu kisiwani, wakakaa nao na hatimaye wakaanzisha utawala wa Abakama. Omukama, ambaye kwa Kiswahili angeitwa mtemi, alikuwa na wajibu unaomgusa kila mkulima: alitazamiwa kuhakikisha mvua inanyesha. Mvua ikikosekana, heshima yake nayo ilipungua, na historia ya kisiwa hicho ina watawala walioondolewa kwa sababu hiyo.

Katika karne ya 19 Wakerewe walikuwa wafanyabiashara hodari. Mitumbwi yao ilisafirisha nafaka na bidhaa nyingine kati ya kisiwa na nchi kavu, na majembe ya chuma yalipatikana kutoka kwa wahunzi wa Uzinza. Pembe za ndovu ziliwaleta wafanyabiashara wa pwani hadi kwenye ikulu ya Omukama. Msafiri Henry Morton Stanley alipohitaji mitumbwi ya kumpeleka Uganda mwaka 1875, alilazimika kwenda kumwomba Omukama Lukonge.

Aniceti Kitereza alizaliwa katika ukoo huo mwaka 1896. Alikuwa mjukuu wa Omukama Machunda, aliyetawala kabla ya Lukonge. Kipindi hicho kilikuwa kigumu. Sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ndui ilikuwa ikiua watu, na mwaka 1895 Wajerumani walikuwa wamemwondoa Lukonge na kumweka Mukaka badala yake. Baba wa Kitereza alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Mama yake akampeleka kwenye ikulu ya Mukaka, ndugu wa ukoo, na huko ndiko alikokulia.

Malezi ya ikulu yalimpa mtoto huyo kitu ambacho baadaye kingekuwa mtaji wake mkubwa. Kila siku wazee walifika kuleta kesi, kudai mahari, kulalamikia mashamba na kupanga kazi za pamoja. Mtoto aliyekaa kimya pembeni alisikia jinsi watu wazima wanavyohesabiana haki, nani anamdai nani, na deni la aina gani linalipwa kwa ng'ombe na la aina gani linalipwa kwa pombe.

Miaka kumi Rubya

Kutoka shule ya wamisionari kisiwani, Kitereza alipelekwa seminari ya Rubya, ambako alisoma kuanzia mwaka 1909 hadi 1919. Rubya hiyo isichanganywe na ile yenye msitu wa kupandwa hapo hapo Ukerewe. Seminari iko Ihangiro, katika wilaya ya sasa ya Muleba mkoani Kagera. Kwa hiyo kijana huyo alikwenda kusoma katika nchi ambayo mababu zake wanasemekana kutokea, nchi ya migomba na ya pombe ya ndizi iitwayo rubisi.

Huko alijifunza Kilatini, Kigiriki na Kijerumani, pamoja na falsafa na theolojia. Maishani mwake aliweza pia kutumia Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa na lugha za jirani za kanda ya ziwa. Wakati akiwa masomoni, utawala wa nchi ulibadilika. Mwezi Juni mwaka 1916 Waingereza waliiteka Ukerewe kutoka kwa Wajerumani, ambao walikuwa wakikitegemea kisiwa hicho kwa mchele wa askari wao.

Kitereza hakuendelea hadi kupata upadri. Mwaka 1919 alirudi nyumbani na kumwoa Anna Katura. Ndoa hiyo ilipata watoto, lakini wote walifariki wakiwa wadogo. Kwa desturi ya wakati ule, mwanamume aliyekosa mtoto wa kumrithi alitazamiwa kuoa mke mwingine, na ndugu walikuwa na kila sababu ya kumshinikiza. Yeye hakuoa mwingine. Alibaki na Anna.

Jambo hilo haliwezi kuachwa nje ya habari za kazi yake. Katika uchumi wa kijiji, mtoto ndiye nguvu kazi ya shamba, ndiye pensheni ya wazazi, na ndiye anayerithi ardhi pamoja na ujuzi wa kuitumia. Mtu asiye na mtoto hana wa kumwonyesha mpaka wa shamba wala wa kumfundisha ni ndizi ipi inafaa kuvundikwa. Kitereza alijua mengi na hakuwa na wa kumwachia.

Karani wa duka, mwandishi wa usiku

Baada ya kurudi alifanya kazi misheni, kisha akaajiriwa katika kampuni ya biashara ya Waitaliano. Ilikuwa miaka ya pamba. Wakulima wa kanda ya ziwa walikuwa wakihimizwa kulima zao hilo ili wapate fedha ya kodi, na duka la mzungu au la Mhindi likawa mahali ambapo pamba na ngozi ziligeuzwa kuwa shilingi, na shilingi ikageuzwa kuwa nguo, chumvi na sabuni.

Mtu aliyekaa nyuma ya meza ya duka aliona mabadiliko hayo kwa karibu kuliko padri au ofisa wa serikali. Aliona vijana wakipima kila kitu kwa fedha, na aliona mambo ambayo zamani yalilipiwa kwa kazi au kwa mtungi yakianza kulipiwa kwa sarafu. Vita ilipozuka na Italia ikaingia upande wa Ujerumani mwaka 1940, mali na shughuli za Waitaliano katika Tanganyika zilisimama. Kitereza akarudi kutumikia misheni, akisaidia hasa kazi za kutafsiri.

Aliyemhimiza kuandika alikuwa padri kutoka Kanada, Almas Simard wa shirika la White Fathers. Urafiki wao ulitokana na mapenzi ya lugha ya Kikerewe. Kitereza alikwisha kukusanya hadithi, desturi na historia ya Abakama, lakini aliona kwamba orodha ya mila inachosha kusoma na haimwonyeshi kijana jinsi mambo yalivyokuwa yakifanyika. Akachagua kuyaweka yote ndani ya hadithi ya familia moja. Alitaka vizazi vitakavyokuja vijue mababu zao waliishi vipi, na vilijue kwa lugha yao wenyewe.

Faini ya pombe ya ndizi

Hadithi hiyo inamhusu Myombekere na mkewe Bugonoka, watu waliopendana lakini wakakosa mtoto. Ndugu wa mume wanaanza kumsema vibaya mke. Wazazi wa Bugonoka wanakasirika na kumchukua binti yao. Myombekere anakwenda kuwabembeleza wakwe, nao wanakubali kumrudisha kwa sharti kwamba alipe faini ya mitungi ya pombe ya ndizi.

Msomaji wa leo anaweza kuiona adhabu hiyo kuwa ndogo. Mchumi anayeifanyia hesabu ataona kwamba wakwe walijua walichokuwa wakifanya.

Kwanza, inahitaji ardhi. Migomba ya pombe huchukua nafasi kwa miaka mingi na haimpi mwenyewe chakula cha kila siku kama mtama, uwele au viazi. Mwenye shamba dogo hawezi kupata mikungu ya kutosha mitungi kadhaa kwa mara moja. Lazima aende kwa wenzake.

Pili, inahitaji muda usioweza kufupishwa. Mikungu hukatwa ikiwa imekomaa lakini bado mibichi. Huwekwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kupashwa moto, kisha hufunikwa. Ndani ya siku nne hadi sita joto huivisha ndizi na wanga wake hugeuka kuwa sukari. Zikifunuliwa mapema, juisi haitoki vizuri. Zikichelewa, zinaoza.

Tatu, inahitaji mikono mingi kwa siku moja. Ndizi humenywa na kuwekwa katika chombo cha mti kilichochongwa kama mtumbwi, zikachanganywa na nyasi na kukamuliwa kwa mikono au kukanyagwa kwa miguu. Nyasi huyashika makapi na kuiacha juisi itoke safi. Juisi huchujwa, huongezwa maji kwa kipimo, kisha hutiwa unga wa mtama uliokaangwa. Mtama huo ndio unaobeba chachu. Chombo hufunikwa kwa majani, na baada ya siku moja au mbili pombe huwa tayari.

Nne, na hapa ndipo penye uzito wa adhabu, pombe hiyo haihifadhiki. Baada ya siku chache inakuwa chachu mno na haifai kunyweka. Mtu hawezi kuitengeneza mtungi mmoja mwezi huu na mwingine mwezi ujao, halafu akaipeleka yote pamoja. Lazima apate mikungu yote, chombo, kuni, mitungi, wakamuaji na wabebaji kwa juma moja. Na mitungi iliyojaa lazima ifike kwa mkwe siku ile ile, ikibebwa vichwani.

Kwa maneno mengine, faini hiyo haikuweza kulipwa na mtu asiye na marafiki. Tajiri mwenye ng'ombe wengi lakini anayegombana na majirani angeshindwa. Wakwe wa Myombekere walikuwa wakipima kama mkwe wao anaaminika kwa watu wanaomzunguka, kwa sababu hao ndio watakaokuwa majirani wa binti yao. Kitereza hakuyaandika haya kama nadharia. Aliyaonyesha hatua kwa hatua, mpaka msomaji anajua ni kazi gani inafuata ipi.

Ndizi mbivu huoza kwa siku chache, na pombe yake nayo huharibika kwa siku chache. Wakerewe hawakuwa na pipa la mwaloni wala chupa ya kuziba. Walichofanya ni kuinywa pamoja mapema, na kilichobaki kikawa deni la msaada. Aliyekusaidia kukamua leo, kesho utakwenda kumsaidia kulima au kujenga. Mavuno yasiyohifadhika yaligeuzwa kuwa uhusiano unaodumu.

Baadaye Bugonoka anapata tiba na kuzaa mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na wa kike, Bulihwali. Hayo si majina ya furaha. La kwanza linataja kifo ambacho mtu anaishi nacho siku zote, na la pili linauliza majonzi yatakwisha lini. Mzazi aliyezika watoto wake ndiye aliyewapa watoto wa hadithi yake majina hayo.

Bidhaa isiyo na mnunuzi

Kitabu kilipokamilika mwaka 1945, Kitereza alikuwa na bidhaa mkononi na hakuwa na soko. Gharama kubwa ya kuchapa kitabu hutangulia kabla ya nakala ya kwanza kuuzwa: kupanga herufi, kusahihisha na kuandaa mashine. Gharama hiyo hugawanywa kwa idadi ya nakala. Kwa lugha inayosomwa na watu wa kisiwa kimoja, wakati ambao waliojua kusoma walikuwa wachache, mgawanyo huo haukumpa mchapishaji matumaini ya kurudisha fedha yake. Tena kitabu chenyewe kilikuwa kirefu.

Padri Simard alijaribu kutafuta njia nyingine kupitia lugha ya Kifaransa na marafiki wa nje. Alifariki dunia kazi ikiwa haijafika mbali. Kitereza akabaki na makaratasi yake, katika nyumba ya kijijini, kwenye unyevu wa ziwa na mchwa. Miaka ya 1950 ikapita. Uhuru ukaja mwaka 1961. Serikali mpya ilikuwa ikijenga taifa kwa Kiswahili, na vitabu vya lugha za makabila havikuwa na nafasi katika mpango huo.

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1968. Mwanahistoria wa Kimarekani Gerald Hartwig na mkewe Charlotte walifika Ukerewe kwa utafiti. Mzee Kitereza, aliyekuwa amevuka miaka 70, akawa mwalimu wao. Sehemu ya elimu waliyoipata kisiwani iliingia katika kitabu cha Hartwig kuhusu Wakerewe na biashara ya masafa marefu kati ya mwaka 1800 na 1895, kilichotoka mwaka 1976. Wageni hao waliuona muswada na kutambua thamani yake. Ushauri wao ulikuwa wa kibiashara kuliko wa kifasihi: autafsiri kwa Kiswahili, lugha yenye wasomaji nchi nzima.

Lilikuwa pigo kwa mtu aliyeandika kwa makusudi ya kuihifadhi lugha yake. Lakini alikubali. Akiwa na maumivu ya viungo na kipato kidogo, alikaa na kuyapitia upya mamia ya kurasa, akiigeuza sentensi moja baada ya nyingine. Mkulima aliyelazimika kung'oa zao alilolipenda na kupanda linalonunuliwa anaelewa uamuzi wa aina hiyo.

Hata baada ya tafsiri kukamilika, miaka mingine ilipita. Tanzania Publishing House, shirika la umma lililoanzishwa mwaka 1966, lilikitoa kitabu mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Nakala zilichapwa China na kusafirishwa kwa meli. Aniceti Kitereza alifariki dunia mwaka 1981, na mzigo ulikuwa bado haujamfikia.

Baada ya kifo

Soko ambalo halikuwapo mwaka 1945 lilijitokeza polepole. Nchini Ujerumani, Wilhelm Möhlig alikitafsiri kitabu hicho kikatoka katika sehemu mbili mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tafsiri ya Kifaransa ikafuata katika miaka hiyo hiyo ya 1990. Mwaka 2002 kampuni ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilitoa tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na Gabriel Ruhumbika, mwandishi na msomi mzaliwa wa Ukerewe, ambaye alifanya kazi moja kwa moja kutoka muswada wa Kikerewe. Hivyo makaratasi yaliyokaa kijijini miaka yote ile bado yalikuwa na kazi.

Yako mambo mawili ambayo mkulima na mfanyabiashara wa Kanda ya Ziwa anaweza kuyachukua kutoka katika maisha haya.

La kwanza ni thamani ya maelezo. Barani Ulaya, watengenezaji wengi wadogo wa mvinyo wamerudi kwenye njia za asili: zabibu za shamba lao, chachu ya asili isiyonunuliwa dukani, bila kuongeza sukari wala dawa. Ufaransa iliutambua utaratibu wa mvinyo wa aina hiyo mwaka 2020. Nchi ya Georgia inachachusha mvinyo katika mitungi mikubwa ya udongo inayofukiwa ardhini, na mwaka 2013 UNESCO iliuingiza ujuzi huo katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Mnywaji wa mvinyo huo analipia pia habari za ardhi, za watu walioutengeneza pamoja, na za mababu waliouanzisha. Pombe ya ndizi ya kanda ya ziwa nayo hutumia tunda la shamba, chachu ya mtama na majani ya mgomba. Historia yake imeandikwa na mtu aliyeifahamu, tena kwa undani ambao nchi nyingi zingetamani kuwa nao.

Ni kweli kwamba kutoka kitabu hadi chupa kuna hatua nyingi. Ndizi inaweza kugeuzwa kuwa mvinyo unaokaa dukani, na viwanda vya Arusha vimethibitisha hivyo tangu miaka ya 1990. Lakini kiwanda kinahitaji usafi unaopimika, kilevi kisichobadilika kutoka chupa hadi chupa, kibali cha Shirika la Viwango na chombo kisichovuja. Kinahitaji pia migomba yenye afya. Mnyauko wa bakteria ulioingia Kagera mwaka 2006 umewafundisha wakulima kwamba panga lisilosafishwa linaweza kumaliza shamba zima, na ndizi za pombe ni miongoni mwa zinazoathirika vibaya. Ukerewe yenyewe ina ufinyu wa ardhi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi zaidi ya 340,000 wilayani humo, na familia nyingi zinategemea muhogo na samaki. Anayetaka kupanda migomba kwa ajili ya mvinyo lazima apige hesabu ya chakula cha nyumbani kwanza.

La pili linahusu ushirika. Katika kanda hii neno hilo lina historia ya vyama vya pamba, vilivyowahi kuwa na nguvu kubwa na vingine vikafa kwa madeni. Chama huundwa kwa katiba, viingilio na mkopo. Kitereza anaonyesha ushirika mwingine uliokuwapo kabla ya katiba, ambao mtaji wake ulikuwa majirani wanaoaminiana na wanaojua kwamba zamu yao ya kusaidiwa itafika. Kikundi kinachokamua ndizi pamoja au kununua mashine ya kukoboa kwa pamoja kitadumu iwapo wanachama wake wangeweza kubebana mitungi hata kabla ya fedha kuingia. Maofisa wanaosajili vikundi kwa ajili ya mikopo wangefanya vizuri kuuliza hilo kabla ya kuuliza akaunti ya benki.

Kitereza mwenyewe aliishi kwa kanuni hiyo. Hakuwa na mtoto wa kumrithi, hakuwa na fedha ya kulipia uchapaji, na lugha yake haikuwa na soko. Kazi yake ilisogezwa na marafiki, kila mmoja kwa hatua moja: padri aliyemhimiza kuanza, wageni waliomshauri abadilishe lugha, mchapishaji aliyethubutu, na watafsiri waliokuja baadaye. Wengine kati yao hawakuonana kamwe.

Leo, kijana wa Nansio anayetaka kujua bibi na babu zake walivundika ndizi siku ngapi, walitumia nyasi za kazi gani, na walimwita nani kuja kukamua, anaweza kuyakuta hayo kwa Kiswahili katika kitabu hicho. Kilichobaki ni apate mashamba yenye migomba, na majirani wa kumsaidia kubeba.